Tiketi ya Treni ya Kasese

Tiketi ilikuwa nzuri kuliko nyingi za kweli nilizowahi kushika. Ilikuwa ya buluu, kushoto ina picha ya kichwa cha treni, kulia ule mraba wa vidoti wa kuskani kwa simu, majina mawili yameandikwa bila kosa, na chini yake: Kampala – Kasese, kuondoka 20:00, kufika 07:40. Mpwa wangu aliichapisha kwenye duka la stesheneri Bukoba kabla hajapanda basi la kuja mpakani Mutukula, akaitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Ilikuwa na kasoro moja tu. Treni yenyewe haipo.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi barazani, na kila mara kuna anayecheka akidhani vijana walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walifanya karibu kila kitu ambacho msafiri mwangalifu hufanya, na bado wakasimama dirishani na karatasi ambayo karani hakuweza kuikubali wala kuikataa.

Nilikuwa nawasubiri nyumbani Kibuli, mwaka wangu wa kumi na moja Kampala. Mpwa ni mtoto wa dada yangu wa Tanga, ana miaka 24. Mwenzake walisoma chuo kimoja. Wametoka Dar kwa treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi hadi Mwanza, wakazunguka ziwa hadi Bukoba. Wakaingia uani saa tisa alasiri, kila mmoja na begi la mgongoni lililovimba utadhani ndani mna godoro.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Naweni mikono, chakula tayari."

"Tutakula haraka mjomba, tuna treni saa mbili."

Nikauliza treni ya wapi. Ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Nikacheka, halafu nikaona nacheka peke yangu.

Nilipomwambia mpwa hakuna treni ya abiria ya kwenda Kasese, na haijawahi kuwepo tangu nihamie mji huu, alinitazama kwa ile huruma ambayo vijana huwapa wazee wasiojua kutumia simu. "Mjomba, hii imelipiwa." Alilitamka neno *imelipiwa* kana kwamba ndilo linalovuta mabehewa.

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipotokea, na lilikuwa langu. Nilitaka aone kwa macho yake. Badala ya kuwapeleka moja kwa moja Kisenyi kwenye mabasi, nikawaita bodaboda wawili na mimi nikachukua wa tatu, tukashuka mjini hadi stesheni. Nilichoshinda ni ubishi. Jioni yao ikawa imekwenda.

Langoni, askari alisikia tunavyosemezana akatujibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Mpwa akafurahi, akaniambia kumbe huku lugha inaenda. Nikamwambia asubiri. Uganda Kiswahili kimeandikwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mtaani Kampala anayekujibu kwa Kiswahili bila kusita mara nyingi amevaa sare. Ni lugha ya kambini na ya polisi, na wazee wengi wa Kiganda bado wanaisikia hivyo. Kweli, dirishani tulikuta dada mpole aliyesema nasi Kiingereza, huku akimsemesha mwenzake kwa Kiganda.

Aliichukua ile karatasi, akaisoma yote, akaigeuza nyuma kutazama upande mweupe, akairudisha mbele. Akamwita mwenzake. Wakaisoma wawili. Kisha akasema, bila kejeli hata kidogo, kwamba hii si ya kwao.

Mpwa akaomba arudishiwe pesa.

"Nitakurudishiaje pesa ambayo sikuipokea?"

Akaomba basi aandikiwe barua kuthibitisha kwamba treni haipo. Dada akakataa tena, na haki ilikuwa yake: ofisi haiandiki barua juu ya karatasi isiyotoka kwake. Lakini akasema jambo lililokuja kutufaa kuliko barua. Alinyoosha kidole kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, akamwambia aipige picha. Ratiba yote ilikuwa ya treni za asubuhi na jioni za Kampala na Namanve, nje kidogo ya mji. Kasese haikuwamo.

Kwa nini tiketi iliaminika

Aliyemdanganya kijana huyu kwanza ni ramani. Fungua ramani yoyote ya Uganda kwenye simu utaona mstari wa reli umetoka Kampala kwenda magharibi hadi Kasese. Ramani haisemi uongo. Reli hiyo ilifika Kasese mwaka 1956, ikijengwa hasa kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Ramani inakuonyesha chuma kilicholazwa chini. Kama juu ya chuma hicho kuna behewa lenye viti, hilo haikwambii.

Historia ya reli hii yote imejaa mitego ya namna hiyo. Ile iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Wakati ule pwani hiyo ya ziwa ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka uliofuata Waingereza wakahamisha mpaka, pakawa upande ambao leo ni Kenya. Yaani reli ilifika Uganda, kisha Uganda ikasogezwa. Kampala yenyewe ilingoja hadi 1931. Kaskazini reli iligusa Pakwach mwaka 1964. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na Uganda ikabaki na njia ndefu na mabehewa ya kuhesabu. Treni za abiria zilikwisha miaka ya 1990. Mwishoni mwa 2015 ikarudi ile fupi ya Kampala na Namanve, ya watu wa kazini, na hata hiyo ilisimamishwa 2023 njia ikitengenezwa, ikarudi 2024.

Sasa mweke hapo kijana wa Kitanzania ambaye wiki hiyohiyo ametoka kupanda treni ya umeme. Kwake treni si hadithi ya babu. Amekata tiketi kwa simu, ikaja na jina, namba ya behewa na namba ya kiti, akaketi, ikaondoka. Akaandika "treni Uganda" kwenye simu, akakutana na habari kwamba Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilisaini mkataba na Yapi Merkezi ya Uturuki, kampuni ileile iliyoshiriki kujenga reli ya kwetu, wa kilomita 272 za reli ya kisasa. Akaona mambo yameiva. Hakusoma hadi mwisho kwamba hizo ni kilomita za Malaba hadi Kampala, upande wa mashariki kabisa, na kwamba kusaini si kujenga. Simlaumu sana. Nani husoma habari hadi mwisho akiwa kwenye basi?

Halafu akampata wakala wa mtandaoni, ambaye jina lake naliacha, anayeuza tiketi za nchi nyingi kwa mkupuo mmoja. Dola 52 kwa watu wawili. Bei haikuwa ya kitapeli, na ndiyo maana ilipita.

Karatasi yenyewe

Usiku ule niliiweka tiketi mezani nikaisoma polepole, na naomba nikae hapa kidogo, maana karatasi ilikuwa imejisema yenyewe.

Namba ya treni haikuwepo. Behewa halikutajwa, wala kiti, na safari ni ya usiku kucha. Mahali pa kuondokea paliandikwa "Kampala" tu, stesheni haikutajwa. Wakala hakuuliza namba ya pasipoti ya yeyote kati yao. Nilipomwelekeza mpwa atoe tiketi yake ya Dodoma tuzilinganishe, alizilaza mbili sambamba kwenye kitambaa cha meza, akanyamaza. Ile ya Dodoma ilikuwa imejaa mambo mengi ya kuchosha. Hii ya Kasese ilikuwa na picha.

Kuna sentensi moja chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani: muda unaweza kubadilika na usafiri mbadala unaweza kutolewa. Tutairudia.

Tulijaribu pia kuuskani ule mraba wa vidoti. Ulifungua namba ya oda ya wakala, basi. Mraba wa namna hiyo unathibitisha kwamba umelipa kwa mtu fulani. Kama mtu huyo ana treni, hilo ni swali jingine kabisa.

Mambo mawili yaliyofungwa fundo moja

Pale stesheni tulipoteza saa mbili na zaidi. Mpwa hakutaka kuondoka. Aliona akiondoka bila kusikilizwa, pesa imekwenda. Mwenzake naye alikuwa na hofu nyingine: Kasese walikuwa wameweka nafasi ya kulala, na wamempa miadi mwongoza watalii wa kuwapandisha vilima vya Rwenzori keshokutwa. Kila mmoja alikuwa anavuta kamba yake, na mimi katikati nikiwaita "wanangu, wanangu" bila faida.

Ninavyokitazama kisa sasa, fundo lilikuwa hapo. Walikuwa na matatizo mawili, wakayashughulikia kama moja. Safari ilitaka kuamuliwa jioni ileile. Pesa ilikuwa na wiki kadhaa mbele yake na isingeharibika kwa kulala. Lakini kwa kuwa yote yalikuwa kwenye karatasi moja, walisubiri pesa ipatikane ndipo waamue safari, na huku mabasi ya mchana ya kwenda magharibi yanaondoka Kisenyi moja baada ya jingine.

Mwenzake ndiye aliyelikata. Saa kumi na moja na ushee watu wakaanza kujaa jukwaani, wafanyakazi wenye mifuko ya sokoni na mabegi ya kompyuta, na treni ya Namanve ikawa imesimama. Akaitazama, akamtazama mwenzie. "Mimi nimekuja Uganda kupanda treni. Hiyo pale ni treni."

Tukakata tiketi tatu dirishani kwa dada yuleyule. Vikaratasi vidogo, havina jina wala picha, vya siku ileile. Tukapanda.

Naona aibu kukiri kwamba miaka kumi na moja Kampala, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Tulisimama, tumebanwa, mabegi yetu yakisukuma watu kila tulipogeuka. Treni haina haraka, lakini kwenye makutano ya barabara unaona bodaboda wamepangana nyuma ya kizuizi, na nyuma yao teksi (huku teksi ni ile daladala ya kwenu) zimegandana barabara ya Jinja, na wewe unapita. Nakawa, Kireka, Namboole. Mama mmoja alimuuliza mpwa begi lote hilo anakwenda wapi. Akajibu Kasese. Mama akamwambia taratibu kwamba, mwanangu, Kasese iko upande ule, akaonyesha nyuma.

Namanve tukala roleksi kando ya barabara, chapati na mayai moto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili wakacheka. Tulirudi kwa teksi gizani.

Usiku huo walitaka kuunganisha na basi la usiku. Nilikataa, kwa ukali kidogo. Mtu aliyekuwa njiani siku nne, amekasirika, hajalala, usimpakie gari la usiku kwenye njia asiyoijua. Wakapiga simu Kasese, nafasi ikasogezwa siku moja bila malipo, mwongozaji akakubali vilevile. Dakika saba za simu. Tungezipiga saa tisa na nusu alasiri tungepumua wote.

Asubuhi saa kumi na mbili tulikuwa Kisenyi. Ukifika pale na begi la mgongoni mawakala wa mabasi wanakudaka mkono kabla hujauliza. Nilimwambia mpwa asiulize basi linaondoka saa ngapi, kwa sababu jibu ni "sasa hivi" daima; achungulie ndani ahesabu vichwa. Lililojaa robo tatu ndilo litaondoka. Walilipa mkononi, wakapewa tiketi ya kuandikwa kwa kalamu, namba ya kiti imezungushiwa duara. Njia ya Mubende, Kyenjojo na Fort Portal, kisha kuteremka Kasese. Alasiri walikuwa wamefika.

Pesa

Ujumbe wa kwanza kwa wakala mpwa aliuandika palepale stesheni, kwa hasira, na ulikuwa na maneno mawili matatu ambayo dada yangu hakumfundisha. Haukujibiwa.

Wa pili tuliuandika pamoja mezani kwangu. Hasira hatukuitia, na neno tapeli pia nililikata, akanuna. Ukimwita mtu tapeli unampa nafasi ya kukujibu kwamba yeye si tapeli, mkaishia hapo. Tuliandika namba ya oda; huduma iliyouzwa, yaani treni ya abiria kutoka Kampala hadi Kasese, tarehe fulani, saa mbili usiku; kwamba huduma hiyo haipo; na picha mbili zimeambatanishwa, tiketi na ratiba ya ukutani. Mwisho: tunataka malipo yote yarudi kwenye kadi iliyolipia.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Wakala aliikumbuka ile sentensi ya chini: wangepewa "usafiri mbadala". Akatoa vocha ya safari nyingine. Sentensi hiyo ndiyo iliyonionyesha biashara ilivyo. Nadhani wakala huyu hakupanga kuiba. Anauza njia zilizochorwa kwenye ramani, kisha oda ikiingia ndipo anatafuta mtu wa huku wa kuitimiza, akimpata basi amempata, na abiria atapakiwa basi akiambiwa treni imeahirishwa. Safari hii hakumpata mtu. Kama hiyo ni afadhali kuliko wizi, mimi sijui kupima.

Mpwa alikataa vocha, kwa maandishi. Hapo tukafika kwenye jambo lililookoa pesa, na lilitokea kabla hata hawajavuka mpaka. Wakati wa kulipa, wakala alikuwa ameahidi punguzo kwa atakayetuma pesa kwa simu kwenda namba fulani. Mwenzake alitaka punguzo. Mpwa akalipa kwa kadi, kwa sababu tu salio la simu halikutosha. Pesa ya simu ikishapokelewa na kutolewa, umebaki kumbembeleza aliyeipokea. Kadi ina mlango wa nyuma: kwa kadi za Visa na Mastercard kwa kawaida una hadi siku 120 za kupinga malipo ya huduma usiyopewa, ukiiambia benki iliyotoa kadi, ilimradi uonyeshe kwamba ulimdai muuzaji kwanza. Mazungumzo yote na wakala, pamoja na lile la kukataa vocha, yakawa ushahidi. Ujumbe wa matusi pia ilibidi uingie. Benki ilimtaka aupeleke mfululizo mzima, akaona haya.

Benki haikufika mwisho wa shauri. Wiki ya tatu wakala mwenyewe alirudisha dola 46, akabakiza sita akiziita ada ya huduma. Niliona aendelee kuzidai. Yeye alisema amechoka, na kwamba sita hizo ni nauli ya kupanda treni na mjomba. Hesabu hiyo si sahihi, treni ya Namanve nililipa mimi, lakini niliiacha ipite.

Siku ya pili yao Kasese, saa moja na dakika arobaini asubuhi kamili, simu yangu ililia. Picha. Mpwa amesimama kati ya vyuma viwili vyenye kutu, nyasi zimemfika magotini, begi mgongoni, ile tiketi ya buluu ameinyanyua juu kama mtu anayemwonyesha mkaguzi. Aliituma pia kwa mama yake Tanga, na dada yangu, ambaye hatukuwa tumemwambia lolote, akaniandikia palepale.

"Namuona amefika salama, alhamdulillahi. Treni yenyewe mbona siioni?"